Leseni ya Baa si Ruhusa ya Kulewesha

Ndugu msomaji, ukiingia katika baa yoyote iliyo halali, iwe katika mji wa Mbarara au katika kituo cha biashara cha Base Camp ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, tupa macho ukutani nyuma ya kaunta. Hapo ndipo inapotakiwa kuwapo karatasi yenye mhuri. Watu wengi huidhani karatasi hiyo kuwa risiti tu: mwenye baa amelipa ada yake, basi amekwisha maliza, na lililobaki ni kati yake na wateja wake. Sivyo hata kidogo. Leseni ya pombe ni ahadi. Serikali, kwa niaba ya majirani, humruhusu mtu mmoja auze kitu ambacho wengine hawaruhusiwi kukiuza, nayo humruhusu kwa masharti. Akiyavunja masharti hayo, ni haki aitwe mbele ya watu aeleze kwa nini aachiwe karatasi ile.

Juu ya jambo hili nataka kuzungumza na jamaa zote, na hasa jamaa za askari wa jeshi na wa polisi. Nimeliona kwa macho yangu, na tena mimi mwenyewe sikutoka ndani yake nikiwa safi kabisa, kama nitakavyoeleza.

MAHALI PENYEWE

Nakivale iko katika Wilaya ya Isingiro, kusini mwa Mbarara, upande wa mpaka wa Tanzania. Wilaya hiyo ilikatwa kutoka Mbarara mwaka 2005. Ni nchi ya migomba na ya ng'ombe wenye pembe ndefu, na katikati yake limo ziwa lililoyapa makazi hayo jina. Wakimbizi wa kwanza, waliotoka Rwanda, walifika huko mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu wakati huo makazi hayajapata kuwa matupu. Leo wako Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, zaidi ya watu laki moja, wamepangwa katika kanda tatu za Base Camp, Juru na Rubondo. Mtu wa Kivu na mtu wa Bujumbura wakitaka kuelewana na askari wa Uganda aliye lindoni, aghalabu lugha yao ni Kiswahili.

Penye watu wengi namna hiyo hapakosi pombe. Wenyeji wa Ankole wana tonto yao ya ndizi. Wakongo wamekuja na kasiksi, Warundi na Wanyarwanda wana urwagwa. Halafu kuna waragi, na kuna bia za chupa ambazo hazitoki mbali siku hizi, maana mjini Mbarara kwenyewe kiwanda cha bia kilifunguliwa mwaka 2013. Kunywa si jambo geni, wala makala haya hayakuandikwa kumhubiria mtu mzima anayekunywa chupa yake moja jioni akaenda zake nyumbani. Makala haya yamhusu yule anayemimina.

KIKAO CHA LESENI

Mimi ni mtumishi wa serikali katika gombolola moja ya wilaya hiyo. Zamani nilisomea ualimu, nikapata cheti, nikafundisha kidogo, kisha nikahamishiwa kazi ya maendeleo ya jamii. Kwa kazi hiyo niliketi katika kikao kilichoitwa kuangalia upya leseni ya baa moja. Jina la baa sitalitaja, wala la mwenyewe. Walikuwapo mwenyekiti wa kikao, wajumbe wa halmashauri za wenyeji na za wakimbizi, konstebo mmoja wa polisi, na wananchi kama thelathini waliosimama mlangoni kwa kuwa viti havikutosha.

Aliyeleta mashtaka alikuwa mama mmoja wa Kikongo, mwenye watoto wanne. Siku iliyofuata malipo ya fedha za chakula, mumewe alikwenda baa tangu alasiri. Sharti mkumbuke kwamba fedha hizo si nyingi, na tangu mwaka 2023 msaada wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda umepunguzwa na kugawanywa kwa madaraja, hata jamaa nyingi zimebaki na sehemu tu ya ule waliokuwa wakiupata. Usiku huo mvua ilinyesha. Baa ilipofungwa, yule mume alisukumwa nje kama gunia, akaanguka katika mtaro, akalala humo mpaka akaokotwa alfajiri na wanawake waliokuwa wakienda kuteka maji. Matapishi yalikuwa yameingia kifuani. Alilazwa siku tisa. Alipona, lakini fedha za mwezi ule hazikupona.

Sisi wajumbe tulitazamia mama yule aseme baa ifungwe, au alaani pombe. Hakufanya hivyo. Alisema maneno machache tu, tena kwa sauti ndogo:

"Bwana Mwenyekiti, mimi sikuja kusema mume wangu hanywi. Anakunywa. Lakini mume wangu alianguka saa tatu. Wakamwinua, wakamketisha, wakamuuzia tena. Hilo ndilo nimekuja kuuliza."

Mwenye baa alipopewa nafasi alisimama wima, akajibu kwa kujiamini. "Bwana Mwenyekiti, mimi sikumshika mtu shingo nikamnywesha. Huyu ni mtu mzima, ana akili zake. Akiagiza, nami nina leseni, nitakataaje?" Kisha, ili kuonyesha kwamba yeye ndiye aliyedhulumiwa, akatoa mfukoni daftari la madeni. Alisema mtu yule alikuwa bado hajalipa yote, na kadi yake ya mgao ilikuwa imewekwa kaunta kama rehani.

Daftari hilo ndilo lililomfunga.

DAFTARI LA MADENI

Lilikuwa daftari la shule, lenye mistari, kama yale niliyokuwa nikiwasahihishia watoto. Kila mstari uliandikwa kinywaji kimoja na bei yake, kwa mwandiko wa binti aliyehudumu kaunta. Mwenyekiti alimwita binti huyo, akapata umri wa miaka kama ishirini, akamwambia asiogope, akamuuliza: "Mwanangu, mtu huyu alianguka ulipokuwa umeandika mstari upi?"

Binti alilitazama daftari kwa muda mrefu. Halafu akaweka kidole. "Hapa, Mzee."

Chini ya kidole chake kulikuwa na mistari minne zaidi. Miwili ya bia, miwili ya waragi.

Chumba kilinyamaza. Mwenyekiti akamuuliza binti kwa nini hakukataa. Akajibu kwamba mshahara wake huhesabiwa kwa kreti zinazotoka, na kwamba mteja akiondoka na fedha mfukoni, yeye ndiye huulizwa. Usiku ule alikuwa peke yake kaunta. Mwenye baa alikuwa amekwenda Mbarara.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo nilipoelewa kwamba tulikuwa tumeitana kumhukumu mlevi, kumbe aliyekuwa akichunguzwa ni mtu mwingine kabisa. Neno la mwenye baa kwamba "mtu mzima ana akili zake" ni kweli saa kumi na moja jioni. Saa tatu usiku, baada ya chupa nane, si kweli tena, na anayelijua hilo kuliko wote mle ndani ni yule aliyeziandika zile chupa nane. Mnywaji anapoteza hesabu, naye muuzaji anayo hesabu mkononi kwa maandishi. Ndiyo sababu masharti ya leseni humbana muuzaji. Katika chumba kile, yeye na watumishi wake ndio wanaotakiwa kuwa na macho makavu.

CHUPA NA SAA

Afadhali tuseme wazi jinsi pombe inavyokwenda mwilini, maana wauzaji wengi na wanywaji wengi hawajafundishwa.

Chupa moja ya bia ya nusu lita, yenye nguvu ya asilimia 5, ina pombe tupu karibu gramu 20. Chupa ndogo ya waragi ya mililita 200, yenye asilimia 40, ina gramu zipatazo 63. Yaani anayemaliza waragi hiyo ndogo amekunywa kama mtu aliyemaliza bia tatu na kitu, tena pengine kwa robo saa. Ini la mtu mzima kwa kawaida huondoa gramu 7 hadi 10 tu kwa saa moja. Haliendi mbio kwa kahawa, wala kwa maji baridi ya kichwani, wala kwa supu ya kongoro. Vitu hivyo huweza kumwamsha mlevi, lakini havimwondolei ulevi.

Askari na afanye hesabu mwenyewe. Ukinywa bia sita kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 usiku, umeingiza gramu 120 hivi. Katika saa hizo sita mwili umeondoa labda 50. Zilizobaki zataka saa saba hadi kumi nyingine. Maana yake, saa 12 asubuhi unapopokea zamu, umevaa sare na kukabidhiwa bunduki, pombe ya jana bado imo katika damu, ingawa umeoga na kupiga mswaki. Dereva wa basi naye ni hivyo hivyo. Wale waliopata kusimamishwa barabarani katika msako uitwao kawunyemu, wakapuliza katika kipimo cha polisi asubuhi wakashangaa kuonekana wamelewa, hawakuonewa na kifaa. Ni hesabu tu iliyowashinda.

Kwa hiyo mhudumu mwema hangojei mtu aanguke. Dalili huanza mapema: sauti hupanda bila sababu, maneno hujirudia, noti huhesabiwa mara tatu bila kupata jumla, mkono hukosa glasi. Hapo ndipo pa kusema, "Mzee, leo inatosha, nakuletea maji." Naye aliyekwisha kuzimika asilazwe chali, wala asiachwe peke yake. Alazwe ubavu, kichwa kimerudishwa nyuma kidogo na mdomo umeelekea chini, ili matapishi yatoke nje, na awepo mtu wa kumwangalia anavyopumua. Kama hapumui vizuri au haamki akiitwa na kutikiswa, apelekwe hospitali. Mume wa yule mama alinusurika kwa bahati, si kwa uangalizi.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Vileo ya Uganda ina umri mkubwa. Ni ya mwaka 1960, kabla ya Uhuru. Pamoja na uzee wake, msingi wake ni ule ule: auzaye sharti awe na leseni, asiwauzie walio chini ya miaka 18, na asiruhusu ulevi na fujo katika nyumba yake. Waragi nayo ilitungiwa sheria yake mwaka 1965, iliyotaka kila mpikaji wa enguli awe na leseni. Mwaka 2019 serikali ilipiga marufuku waragi za vifuko vidogo, zile zilizokuwa zikipatikana kwa sarafu chache na kufichika hata katika mkoba wa mwanafunzi. Tanzania ilikuwa imetangulia kwa kuvipiga marufuku viroba mwezi Machi 2017. Mwaka 2023 mbunge Sarah Opendi alipeleka Bungeni mswada wa kubana saa za kuuza pombe, siku za kazi iwe kuanzia saa 11 jioni hadi saa 4 usiku. Mswada huo haukufaulu kuwa sheria.

Tusidhani haya ni mambo ya Uganda peke yake. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo iliweka saa za kuuza, ikataka baa zisiwe ndani ya mita 300 kutoka shuleni, na ikataka leseni zipitie mbele ya kamati. Huko England na Wales, sheria ya mwaka 2003 inampa jirani wa kawaida, si polisi tu, haki ya kuomba leseni ya baa iangaliwe upya. Kinachopimwa ni mambo manne: kuzuia uhalifu na fujo, usalama wa watu, kuzuia kero kwa majirani, na kuwalinda watoto. Kamati yaweza kuongeza masharti, kumwondoa msimamizi wa baa, kuisimamisha leseni kwa muda usiozidi miezi mitatu, au kuifuta kabisa. Tena kumuuzia pombe mtu aliyekwisha kulewa ni kosa lenyewe, hata kama hakuanguka na hakumdhuru mtu.

Angalia basi ya kuwa swali la mama yule wa Nakivale, aliyeliuliza bila kusoma kitabu chochote cha sheria, ndilo swali lile lile lililoandikwa huko.

KUFUNGA PEKE YAKE HAKUTOSHI

Baada ya daftari kusomwa, wajumbe wengine walipaza sauti, "Ifungwe! Ifungwe leo!" Nami moyoni niliwaunga mkono. Lakini mzee mmoja wa halmashauri ya wakimbizi aliomba ruhusa, akatukumbusha miaka ya korona. Baa zote za Uganda zilifungwa mwezi Machi 2020 na hazikufunguliwa mpaka tarehe 24 Januari 2022, karibu miaka miwili. Je, katika miaka hiyo watu waliacha kunywa? La. Pombe ilihamia majumbani, nyuma ya mapazia, mbele ya watoto, ambako hapana leseni ukutani, hapana saa ya kufunga, na hapana daftari ambalo binti angeweza kuweka kidole.

Maneno hayo yalikuwa na uzito, na msomaji wa sehemu zetu ana sababu ya kuyapima. Mwezi Aprili 2010, katika Wilaya ya Kabale, safari ya saa chache tu kutoka Mbarara, watu wapatao 80 walikufa kwa kunywa waragi iliyochanganywa na methanoli. Methanoli ni sumu inayofanana na pombe kwa macho, lakini huleta kiza machoni, maumivu ya tumbo na kifo, tena mara nyingi baada ya saa kumi na mbili au hata siku nzima, wakati mtu amekwisha kusahau alikunywa wapi. Anayeona ukungu baada ya kunywa akimbizwe hospitali bila kungoja asubuhi. Pombe isiyo na mwenyewe anayejulikana ndiyo inayoua kwa wingi namna hiyo.

Kwa hiyo kikao hakikuifuta leseni. Kiliisimamisha kwa mwezi mmoja, kikaweka masharti: pasiwe na deni la pombe, kadi ya mgao, kitambulisho wala simu ya mteja isiwekwe rehani, mshahara wa mhudumu usihesabiwe kwa kreti, mhudumu anayemkatalia mlevi asikatwe hata senti, asiachwe mtu mmoja peke yake kaunta baada ya saa 2 usiku, maji ya kunywa yawepo bure, na mteja asiyeweza kutembea asitupwe nje, bali jamaa zake waitwe. Kadi ya yule mama ilirudishwa mikononi mwake pale pale. Baada ya miezi mitatu kikao kikutane tena.

ASKARI NA CHUPA YA BURE

Sasa nifike kwenye lile nililoahidi kulieleza.

Mwenyekiti alipokuwa akilifunga daftari, karatasi iligeuka, ukaonekana ukurasa wa pili. Mistari yake ilikuwa na vinywaji lakini haikuwa na bei. Nilikuwa nimekaa karibu, nikasoma. Mstari mmoja uliandikwa: "Afande, 2." Chini yake: "Afande, 3." Na chini zaidi: "Gombolola, nyama na soda."

"Ukurasa huu ni wa nini?" Mwenyekiti aliuliza.

Hakuna aliyejibu. Konstebo alitazama kofia yake iliyokuwa magotini. Mimi nilitazama dirishani. Maana ile nyama niliila mimi, siku niliyokwenda kukagua vyoo vya baa ile, nikaletewa sahani kwa ukarimu, nikaandika kwamba mambo ni mazuri. Vyoo vilikuwa vizuri, kweli. Lakini daftari sikuliomba, na binti sikumuuliza kitu. Mtu akisha kula nyama ya mwenyeji, hupata uzito wa kufungua makabati yake.

Simwandami konstebo yule, kwa kuwa tulikuwa katika ukurasa mmoja. Ila nasema hivi: chupa ya bure anayopewa askari haina ubure wowote. Imelipwa kabla, na aliyeilipa ni yule mama. Mwenye baa anaponunua macho ya polisi kwa chupa mbili, anachonunua ni saa za usiku baada ya saa ya kufunga, na binti wa kaunta anayajua hayo, na wateja wanayajua. Basi nani atakayekwenda kituoni kushtaki, iwapo anayeandika mashtaka ndiye aliyeketi pembeni jana?

Waingereza waliligundua jambo hilo zamani. Sheria yao ya leseni ya mwaka 1872 ilimtia hatiani mwenye baa aliyemkaribisha konstebo aliye zamuni au kumpa kinywaji. Na hapa kwetu, jeshi la NRA lilipokuwa bado msituni, kanuni zake za maadili ziliwakataza wapiganaji pombe mpaka vita viishe, kwa sababu iliyo wazi: askari mlevi ataitumia vibaya bunduki aliyopewa kuwalinda wananchi. Vita vile vilikwisha mwaka 1986, lakini bunduki zipo, na sababu ile haijazeeka.

Na asiyeamini kwamba uzembe wa mlinzi huua, na akumbuke kijiji cha Kangai, Kirinyaga, nchini Kenya, mwezi Februari 2024. Watu zaidi ya kumi walikufa kwa pombe ya sumu, na maofisa wa serikali walieleza kwamba pombe hiyo ilikuwa kidhibiti kilichokwisha kukamatwa na kuwekwa kituo cha polisi, kisha kikatoka humo kikauzwa. Mlango wa ghala ya vidhibiti haukuvunjwa na walevi.

WAJIBU WA JAMAA

Wahenga wetu walisema mchuma janga hula na wa kwao. Kwa ulevi ndivyo kabisa. Mlevi hulala, wanaokesha ni wa nyumbani. Kwa sababu hiyo wa nyumbani wasikae kimya leseni zinapoangaliwa.

Kina mama wa kambi za jeshi na nyumba za polisi, iwe Makenke au kwingineko, sikilizeni. Mara nyingi mke wa askari huogopa kusema juu ya baa iliyo karibu na lango, asije akaonekana anamchongea mumewe kwa wakubwa. Lakini mfuateni yule mama wa Nakivale: hakumshtaki mumewe, alimshtaki aliyemuuzia baada ya kuanguka. Andikeni tarehe, saa, na yaliyoonekana. "Anauza pombe mbaya" halimfungi mtu. Lakini "Jumamosi, saa 5 usiku, alimuuzia mtoto wa darasa la sita waragi, nami na jirani yangu tuliona" ni neno ambalo kikao hakiwezi kulikwepa. Mwende wawili au watatu, si mmoja. Kama mtoto ameuzwa au ameumizwa, kipo kitengo cha polisi cha ulinzi wa watoto na familia. Kama polisi wa karibu ndiye tatizo, mwenyekiti wa LC yupo, na ofisi ya gombolola ipo, na maofisa wa juu wapo.

Nanyi maafande, mtakapoingia baa mkiwa hamko zamuni, lipeni. Ombeni risiti hata kama ni ya soda. Anayelipa chake huweza kusimama kesho yake akasema, "Funga, saa imefika," na sauti isimtetemeke.

Nanyi wenye baa, ambao wengi wenu mnasomesha watoto kwa kazi hiyo na hamko wabaya, mfundisheni mhudumu neno la kukataa, kisha mlindeni anapolitumia. Mteja uliyemrudisha nyumbani kwa miguu yake atarudi wiki ijayo. Yule uliyemtupa mtaroni huenda asirudi, na daftari lako ndilo litakalosomwa.

Kikao cha pili kilifanyika miezi mitatu baadaye, kama kilivyopangwa. Daftari la madeni halikuwapo tena. Yule binti alikuwa bado kazini, na alisema amekwisha kuwakatalia watu saba, ambao wawili walimtukana. Nyuma ya baa, kwa bahati mbaya, nyumba moja isiyo na leseni ilikuwa imeanza kuuza kasiksi kwa wale waliokataliwa, na hiyo ndiyo kazi iliyo mbele yetu sasa. Mume wa yule mama alikuwa amekuja naye, akakaa mstari wa nyuma, hakusema neno. Konstebo alikuwa mwingine.

Mimi nilikwenda kikaoni na chakula changu, viazi na maharage, nikala chini ya mti. Leseni ile itakapofika tena wakati wa kuhuishwa, tangazo litabandikwa katika mlango wa gombolola. Jirani, ukiliona, usipite. Ingia uketi, maana karatasi ile imetolewa kwa jina lako.